Sentimita Nane za Ngazi ya Marehemu

Mtaani walimwita Futi, naye hakuchukia. Mwanamke anayetembea na futikamba kiunoni kama askari na kirungu chake hawezi kutegemea aitwe Waridi. Kwa miezi minne alikuwa akiifanyia kazi ofisi ya usafiri ya jiji: kupima njia za miguu, mashimo yake, mitaro isiyo na mifuniko, na nguzo zilizosimikwa katikati na mtu ambaye bila shaka hajawahi kusukuma kigari cha mtoto. Kila kipimo alikiingiza kwenye simu, na papo hapo nukta ikatokea kwenye ramani. Kijani, panapitika. Nyekundu, hapapitiki. Mpaka ulikuwa sentimita tisini, nafasi ya kupita kiti cha magurudumu bila mwenyewe kuchubua vidole.

Nukta hizo hazikuwa mapambo. Mabasi ya umeme yalikuwa njiani, yasiyo na moshi, yenye sakafu inayoshuka hadi usawa wa njia. Ijumaa saa kumi ofisi ingefunga ramani na kuchagua vituo, na mtaa wenye nukta nyekundu ungerukwa.

Mtaa wake mwenyewe Futi aliuacha wa mwisho, na ndani ya mtaa huo akaiacha nyumba yao iwe ya mwisho kabisa. Mlangoni kwao zilishuka ngazi tatu za saruji hadi kwenye njia ya miguu. Baba mkwe wake, Mungu amrehemu, alizijenga kwa mikono yake. Mama mkwe, mwalimu mkuu mstaafu, alizisugua kila asubuhi kana kwamba zinatarajia wageni wa heshima.

Jumatatu ya wiki hiyo alikuwa amesimama juu ya ngazi hizo, ndoo mkononi. "Na sisi unatupima?"

"Napima njia, mama, si nyumba."

"Sisemi kitu. Kazi ni yako. Ila sitapenda kuona ngazi za marehemu zimepakwa rangi nyekundu kwenye simu za watu wasiotujua." Akamwaga maji, akaingia ndani.

Njia ilikuwa na upana wa sentimita mia moja na hamsini. Ngazi zilikula sitini na nane. Futi aliangalia mlangoni, akaangalia simu, akaandika sitini. Zikabaki tisini kamili. Nukta ikawaka kijani, nzuri kama jani changa, na yeye akaondoka haraka kama mtu aliyevunja glasi ya watu.

Jumatano asubuhi zilisikika kelele nje. Fundi viatu, jirani yao anayetembelea kiti cha magurudumu, alikuwa amechaguliwa kuijaribu ramani, nayo ilimpitisha kwao. Gurudumu moja lilikuwa limebanwa na ngazi, la pili linaning'inia ukingoni mwa barabara, malori yakipita karibu na sikio lake.

"Shemeji!" alimwita Futi alipomwona mlangoni. "Hiyo simu yako inanipenda mno. Inadhani nimekonda!"

Watu wakacheka. Futi akashuka mbio, wakasaidiana na muuza magazeti kukinasua kiti. Hakucheka.

"Imesema panapitika," fundi alimwambia, sasa kwa sauti ya chini. "Nimeiamini kwa sababu najua ni wewe uliyepima."

Mama mkwe alikuwa ameyasikia yote kutoka dirishani. Akatoka na utepe wake wa kushonea, akapiga magoti pale njiani, yeye ambaye watu walikuwa hawajawahi kumwona hata amekaa vibaya. Akapima. Akavaa miwani, akapima tena.

"Sitini na nane," alisema, kisha akachungulia kipimo kilichoandikwa kwenye simu ya fundi viatu. "Nani aliandika sitini?"

"Mimi, mama."

"Kwa nini?"

"Ulisema hutapenda kuona nyekundu."

"Nilisema sitapenda. Nilisema udanganye?" Alisimama, magoti yana vumbi. "Marehemu alijenga vibaya. Sawa, wengi hujenga vibaya. Lakini hakuna aliyewahi kusema nyumba hii inapunja vipimo. Andika sitini na nane, sasa hivi, nikiona."

Futi aliandika. Nukta ikageuka nyekundu mbele ya muuza magazeti, fundi viatu na nusu ya mtaa.

"Kituo kimekwenda," muuza magazeti aliguna.

"Kimekwenda wapi? Leo si Jumatano?" Mama mkwe alikuwa amekwisha toa simu yake. "Halo, fundi mwashi? Njoo na nyundo kubwa. Hapana, si kesho."

Alhamisi ngazi zilivunjwa, na mpya zikakatwa ziingie ndani ya kibaraza. Mama mkwe alisimamia kila ndoo ya zege, akamtesa fundi mwashi kwa maswali mpaka maskini akasahau chakula chake cha mchana. Ijumaa saa nane utepe ulisema ngazi zimetokeza njiani sentimita mbili tu.

"Hizo mbili si kitu, mama," alisema mwashi.

"Futi, andika mbili."

Ofisi ilihitaji picha mpya. Mama mkwe akaingia ndani, akatoka amevaa gauni la bluu na mkufu aliopewa na marehemu, akasimama juu ya ngazi, kidevu juu. Futi akapiga, akatuma. Nukta ikawaka kijani, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo mabega yake yakashuka.

"Nionyeshe."

Ngazi zilionekana vizuri, na gauni pia. Lakini programu ya ramani huficha sura za watu wote, na palipokuwa na uso wa mama mkwe palikuwa na ukungu mtupu.

"Yaani nimevaa hivi nisionekane?"

Fundi viatu, aliyekuwa akipita mbele yao kwa mara ya tatu bila shida yoyote, akafunga breki. "Mama, mkufu umeonekana. Mtaa mzima tutajua ni wewe."

Mama mkwe akaitazama picha tena, kwa muda mrefu kidogo. "Basi iache," akasema.