Picha Kumi na Mbili za Fundi Cherehani

Nani alikudanganya kwamba kikombe cha bati hakistahili kupigwa picha?

Fundi cherehani, ambaye wenzake walimwita Bobini, kile kigurudumu cha uzi cha cherehani, kwa udogo wa umbo lake, hakuamini upuuzi huo. Kila safari ya kutengeneza vyerehani vibovu viwandani alibeba kamera ya plastiki, kitu cha kuchezea watoto, kifuniko chake kimebandikwa utepe mweusi ili mwanga usipenye. Alipiga picha kufuli, ndoo, kandambili. Mama yake, aliyepooza miguu, hakutaka kuonyeshwa maghorofa. "Nionyeshe wanachoshika watu huko," alimwambia. Safari hii alikuwa barabarani wiki tatu, na filamu moja ya picha kumi na mbili. Ya mwisho aliipiga katika kiwanda cha sare: kikombe kilichofungwa mnyororo kwenye bomba, wanachonywea washonaji arobaini.

Meneja alimwona.

"We fundi! Umeitwa kutengeneza cherehani au kutupeleleza?"

"Napiga kikombe tu, bosi."

"Kikombe! Wenzako wanapiga maharusi. Lete hapa!"

"Nakuomba usifungue, bosi. Ukifungua zinaungua zote. Ni za mama."

Sikio la kufa halisikii dawa. Meneja aliigeuza kamera akitafuta kioo kama cha simu, asikione. Akabandua utepe, akafungua kifuniko mchana kweupe, akaivuta filamu yote hadi sakafuni kama anayemtoa kuku utumbo.

"Picha ziko wapi? Umezifuta, eh?"

"Umezifuta wewe," alisema Bobini.

"Toka! Atakuja fundi mwenye akili."

Ndio mabwana wakubwa hao. Kufunga kikombe kama mbwa hawaoni aibu. Aibu wanaiona kikipigwa picha.

Asubuhi yake Bobini alirudi kuchukua bisibisi zake, mlinzi akamzuia getini. Kutoka hapo aliwaona washonaji wamepangwa foleni uani. Meneja alikuwa ameshika gunia, na kila mmoja alitumbukiza simu yake humo. Zamu ikamfikia mwanamke wa makamo, mshona vifungo.

"Haya, shangazi, tia."

"Usinisukume, mwanangu. Nyoosha hilo gunia vizuri."

Meneja akalinyoosha. Yule mama akainua simu, akampiga picha yeye na gunia lake, akaitia simu kifuani, kisha akatoka getini bila kugeuka nyuma.