Zipu Mgongoni mwa Zimwi

Filamu ya kwanza niliyoichukia nikiwa Newala ilikuwa ya mapenzi. Binti wa mawinguni anampenda karani wa stesheni ya reli, anashuka duniani kumfuata, na baba yake anampa sharti moja: mvua ikimnyeshea, atasahau kila kitu. Basi mvua inanyesha. Inanyesha harusini, inanyesha stesheni, inanyesha hata chumbani kwa sababu mtu kaacha dirisha wazi. Na binti anasahau kwa kuchagua. Jina la mumewe linampotea, lakini nyimbo zote za mapenzi anazikumbuka beti kwa beti. Niliandika kwamba huo si usahaulifu, ni utovu wa adabu kwa mtazamaji.

Wenzangu katika banda la video walilia, ingawa si wakati wote. Binti alipokwenda kuoga chini ya maporomoko ya maji, mama mmoja aliyekaa mkekani mbele yangu, ambaye asubuhi ile nilimwona akipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, alijipiga kofi pajani.

"Maji yote hayo yanapita, na hata ndoo hajakinga!"

"Anamsubiri karani amchotee," mwenzake akajibu.

"Karani! Umeona wapi mwanaume wa kuchota maji?"

Banda zima likacheka. Mimi nikakasirika, maana maneno yao yalikuwa bora kuliko uhakiki niliokuwa nautunga kichwani, na sikujua kama kuyatumia kungekuwa wizi. Nililifikiria jambo hilo mpaka filamu ikaisha, na mwisho wake sikuuona vizuri. Nikaandika kwamba mwisho ni dhaifu.

Nieleze kwa nini mtu aliyemaliza chuo kikuu alikuwa akishinda alasiri katika banda la video. Waliotutangulia walimaliza masomo wakapangiwa kazi. Sisi tulimaliza tukaambiwa kuna soko huria, kila mtu ajitafutie. Nilijitafutia Dar es Salaam mpaka nauli ya kurudi ikawa karibu kuniponyoka, nikarudi kusini na kufikia kwa dada yangu mkubwa. Wakati huo huo magazeti ya watu binafsi yalikuwa yakiota kama uyoga, na mmoja wa wale niliosoma nao alikuwa ameanzisha la kwake, la kila wiki. Akaniomba uhakiki wa filamu mpya.

"Ponda," aliniambia. "Watu wanapenda kuona kitu kikipondwa."

Neno "mpya" lilinisumbua. Mwenye banda alikuwa akifuata kanda zake Masasi, na mpya kwetu ilikuwa ile ambayo hatujaiona. Lakini kuponda sikuhitaji kufundishwa. Niliponda bwana harusi aliyegeuka kasuku na kuendelea kuvaa saa. Niliponda mpiganaji aliyeruka juu ya paa tatu kisha akashindwa kufungua mlango. Niliponda bibi harusi mnyonya damu aliyeogopa jua katika filamu yote, halafu akapigana na polisi mchana kweupe kwa kuwa, nadhani, mpiga picha alitaka kuwahi nyumbani. Bahasha nilimpa utingo wa basi la Masasi, kisha nikakaa siku nzima nikijiuliza kama nimekuwa mkali mno, na siku ya pili nikijiuliza kama nimekuwa mpole.

Dada alikuwa mjane mwenye shamba la mikorosho na mtoto mmoja wa kiume. Msimu ule mtoto alikuwa porini, jandoni, na siku ya kutoka ilikuwa inakaribia. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Anapotoka jandoni, anayesimama mbele za watu kumpokea na kumvika nguo mpya ni mjomba wake, na mjomba wake ni mimi, hana mwingine wa tumbo moja na mama yake. Dada alikuwa amekwisha kununua shati, suruali na kofia. Kila jioni alizitoa sandukuni, akazikung'uta, akazirudisha.

Kulikuwa na tatizo, nalo lilikuwa mimi. Baba yetu alifanya kazi karakana ya misheni Ndanda, nami nilitahiriwa hospitalini kule, juu ya meza, chini ya taa ya umeme. Porini sikuingia. Wazee walilijadili hilo, kisha wakanichukua jioni moja, wakanifundisha kwa haraka yale ambayo wengine hufundishwa kwa wiki nyingi. Waliyoniambia sitayaandika hapa. Itoshe kusema kwamba baadhi yalihusu kinyago, kile kinachokuja uwanjani siku wavulana wanapotoka, kimefunikwa nguo kuanzia kichwani hadi vidoleni, na wanawake na watoto wanakikimbia. Kinyago si mtu. Hivyo ndivyo inavyosemwa mbele ya wanawake na watoto, na wao hivyo ndivyo wanavyojibu.

Sasa nije kwenye filamu ya zimwi.

Askari kumi na wawili wanaingia msituni kumtafuta jenerali aliyepotea. Zimwi linawala mmoja mmoja, kwa kufuata vyeo, kuanzia mdogo. Kiongozi wao ana bunduki ambayo haiishi risasi hadi pale anapohitaji risasi kweli. Banda lilijaa siku hiyo. Madirisha yalikuwa yamezibwa magunia, jenereta lilikuwa likinguruma nje, wanaume kwenye mabenchi, wanawake na watoto mkekani mbele. Watu walikuwa wanaogopa kwa raha. Mimi nilikuwa na hasira tu. Nilikuwa nimeketi pale tangu saa nane, na sentensi moja nzuri ya kuponda nilikuwa sijaipata.

Ndipo zimwi lilipogeuka kumfuata daktari wa kikosi, mwanga ukalipiga mgongoni, na nikaiona zipu. Ilikuwa imeanzia shingoni hadi kiunoni, na chini ilikuwa haijafungwa vizuri. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Nikasimama.

"Ni mtu! Tazameni zipu mgongoni! Ni mtu kavaa ngozi ya mpira!"

Nilitegemea kicheko. Hakuna aliyecheka. Mtoto wa kike aliyekuwa mkekani alimgeukia mama yake.

"Mama, mle ndani mna mtu?"

"Hamna mtu. Nyamaza."

"Nani kasema vile?" sauti ikauliza kutoka benchi la nyuma.

"Si yule wa Ndanda."

"Aa. Yule kakatwa na daktari. Na ulimi wangempunguza, kisu si kilikuwepo?"

Hapo ndipo walipocheka, wanaume peke yao. Mwenye banda akasimamisha deki. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kikohozi cha kuvuta moshi wa jenereta lake, kikohozi cha mara mbili na mluzi mwishoni. Akanishika kiwiko.

"Msomi, toka nje."

"Ndugu yangu, ile ni filamu ya Wazungu. Ni mpira tu."

"Leo mpira," akasema, "kesho mti. Toka."

Vinyago vyetu vinachongwa kwa mti. Nilielewa, lakini nilitoka nikibishana.

Kesho yake habari ilimfikia dada kisimani kabla haijanifikia mimi. Alirudi na ndoo, akaitua, hakunisalimu. Wazee walikuwa wamesema mtu asiyeweza kufunga mdomo bandani hawezi kusimama uwanjani. Mtoto atapokewa na mjomba wa mbali kutoka Kitangari, mtu ambaye hata kwenye msiba wa shemeji yangu hakufika.

"Watasema mwanangu hana kwao," dada alisema. "Watasema nimemwokota."

"Dada, lakini zipu ilionekana. Kila mwenye macho aliiona."

Alifunga mlango wa jikoni. Kwa muda nilidhani atanipiga.

"Unadhani wewe ndiye mwenye macho peke yako hapa Newala? Shemeji yako, Mungu amrehemu, kila msimu alikuwa anapotea siku ile ya ngoma. Jioni anarudi, soksi zimejaa vumbi jekundu, miguu imevimba. Nani alizifua zile soksi? Mimi. Nilimwuliza ametoka wapi? Sikumwuliza. Na mchana ule ule kinyago kilikuwa kimenikimbiza mpaka nimepoteza kanga, nami nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Mtu amejipinda mgongo kwenye jua kutwa ili mimi nikimbie. Nisikimbie, nimsimamie pale nimwambie nakuona? Huo si usomi, mdogo wangu. Huo ni uchoyo."

Kisha akafungua mlango, akaanza kupepeta unga kama vile hakusema kitu.

Nilikwenda kwa mzee mwenye jando siku hiyo hiyo. Njiani nilipanga utetezi wangu: kwamba filamu si ngoma, kwamba mpira si mti, kwamba mhakiki ana wajibu kwa wasomaji wake. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe, na kaka zake wawili wamekaa naye.

"Shikamoo."

"Marahaba. Huyo ndiye mwenye kuona zipu?"

"Ndimi, mzee."

"Vizuri. Kaka zangu hapa wanataka uende zako. Mimi nasema siku ya kutoka usimame kwa wanawake. Kinyago kikija, kimbia kama wao. Ukikimbia vizuri, mchukue mpwa wako. Ukikimbia vibaya, yule wa Kitangari atakuwa amekwisha fika."

Kaka zake walicheka hadi mmoja akashika ubavu. Utetezi wangu wote nilirudi nao nyumbani.

Sikupata usingizi mzuri tangu siku hiyo. Miezi mingi nilikuwa nimeponda waigizaji kwa kukimbia vibaya: huyu anakimbia huku akitazama kamera, yule anakimbia kama mtu anayewahi chakula. Sasa nilijiuliza mtu hukimbiaje akiogopa kweli. Mikono inakwenda wapi? Anapiga kelele kabla au baada ya kugeuka? Nilijaribu nyuma ya nyumba, kati ya mikorosho, na jirani akamwuliza dada kama nina degedege.

Siku ikafika. Nilisimama kati ya kina mama, mrefu kuliko wote, nikinuka sabuni.

"Msomi, leo umekuja kwetu?" aliuliza yule mama wa ndoo. "Karibu. Kanga unayo?"

"Mwacheni," mwingine akasema. "Kwa miguu ile, atatukanyaga sisi kabla ya kinyago."

Ngoma zikabadilika, na kinyago kikatokea kwenye kona ya uwanja. Sijui kilikuwa kimeambiwa nini, lakini hakikuzunguka kama kawaida. Kilinijia mimi moja kwa moja, njuga zikilia, kikiwa kimeinama, kichwa kikigeuka kwa vipande vipande. Nilikitazama kama nilivyozoea kutazama, na niliona. Kitambaa cha mkononi kilikuwa kimepanda. Kisha, kikiwa hatua chache kutoka kwangu, kilikohoa. Mara mbili, na mluzi mwishoni.

Dada alikuwa kando yangu. Nina hakika alisikia. Akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia katika filamu yoyote, akanivuta shati, tukakimbia. Sikukumbuka mikono wala kamera. Nilijikwaa kwenye kinu, nikaanguka kifudifudi, nikainuka na kukimbia tena, na nyuma yangu kelele za uwanja mzima: "Msomi, kimbia! Kimbia, kinakuja!" Nilipofika kwenye mikorosho niligeuka. Sikuwa nimeogopa, nadhani. Lakini moyo ulikuwa unapiga kama wa mtu aliyeogopa, na sikujua tofauti iko wapi.

Mzee hakunisifu. Alinyoosha kidole tu kuelekea walikokaa wavulana. Nilikwenda, magoti yakivuja damu, nikamvika mpwa wangu shati, suruali na kofia. Yule mjomba wa Kitangari hakufika hata hivyo. Dada alipiga vigelegele kwa sauti iliyokauka.

Uhakiki wa ile filamu ya zimwi niliuandika baadaye, na sikuwa nimelainika. Niliandika kwamba ni filamu mbaya kuliko zote nilizoziona mwaka ule. Si kwa sababu ndani ya zimwi mna mtu. Mtu lazima awemo. Ni kwa sababu kati ya wote walioitengeneza hakuna aliyejali kufunga zipu, kisha wakatutaka sisi tuogope bure. Mwenye gazeti alikata sehemu hiyo, akaacha kichekesho cha zipu peke yake.

Alasiri moja nilirudi bandani. Sikuwa na hakika kama nitaruhusiwa, nikasimama mlangoni nikijifanya nasoma ubao wa filamu za siku hiyo. Mwenye banda alinitazama, akakohoa.

"Ile ya zimwi uliionaje? Nzuri?"

"Takataka," nikasema.

"Na kinyago, siku ile uwanjani. Ulikionaje?"

Wanaume wa benchi la nyuma waligeuka kusikiliza.

"Sikukiona," nilijibu. "Nilikuwa nakimbia."

Akasogeza gunia la mlangoni, nikaingia.