Sekunde Nne za Mtali wa Mama

Mimi mwoga, na woga wangu sikurithi kwa mtu, nimejitengenezea mwenyewe. Ulianza siku niliyoiba mtali wa mama.

Mtali ni pambo la fedha la kuvaa mguuni, zito hasa. Yetu ilikuwa miwili, ikilala ndani ya kasha chini ya kanga zilizofukizwa udi. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, vitambaa ndiyo kwanza vinaanza kurudi madukani, na shoga yangu mmoja anaolewa. Wenzangu wote walishona sare, kitambaa cha zambarau kinachometameta. Mama akasema, "Sare ya nini, na gauni la Idi unalo?" Kwetu Unguja, kuingia harusini peke yako huna sare na wenzio wote wanayo, bora ubaki nyumbani ujifunike shuka gubigubi. Basi nikafungua kasha, nikatoa mtali mmoja, nikampelekea muuza vitu vya kale. Nilichukua mmoja tu, nikijiambia kwamba mmoja utahesabiwa umepotea, miwili ndiyo wizi. Akili za msichana wa miaka kumi na saba hizo!

Mama alipogundua, hakuniuliza mimi. Alimgeukia mfuaji wetu wa nguo, mama mmoja wa Kitumbatu aliyekuwa akikaa Bububu, mjane mwenye binti mmoja rika langu. Alimwambia mbele ya majirani asikanyage tena mlango wetu. Yule mama aliapa, akalia, akataka aletewe msahafu aushike. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ngazi, nikisema moyoni: jioni nitasema. Jioni ikapita. Ikapita na miaka kumi na saba mingine.

Watu husema ukikaa na siri unaizoea. Waongo! Mimi kila mlango ukibishwa niliruka. Mtu akitaja Bububu, natafuta kazi ya kufanya jikoni. Hata nilipoajiriwa kwenye ofisi ya kukatia watalii tiketi, mtu mzima na mshahara wangu, mama akiniita kwa sauti ya juu kidogo tu, "Naam" yangu ilitoka kwa kutetemeka.

Kisha mama akapata kiharusi, upande mmoja ukafa. Habari ikafika Bububu, na yule mfuaji akatuma salamu: anataka kuja kumwangalia mgonjwa. Nilikuwa nnamlisha mama uji. Akasema, kwa ulimi ule mzito, "Mwizi haji kunitazama mimi." Kijiko kilimgonga meno. Daktari alishatuambia tusitegemee sana, na mimi nikaona wazi kitakachotokea: mama atakufa na dhulma ile mdomoni, na aliyeiweka pale ni mimi.

Wakati huo maduka ya intaneti yalishazagaa Mji Mkongwe. Binamu yangu aliyeko Uingereza ndiye aliyenionesha kwamba Wazungu huuziana vitu vya kale kwa mnada ndani ya kompyuta. Nikawa natazama, kila wiki, bila kumwambia mtu ninachokitafuta. Siku moja picha ikafunguka polepole, mstari kwa mstari, na mbele yangu ukawa mtali wetu. Waliuita bangili kubwa ya Afrika Mashariki. Bangili! Pale kwenye ungio palikuwa na kiraka cha shaba, kiraka alichokitia sonara wetu mama alipoupasua ngomani. Nilikijua kiraka kile kama ninavyoijua kucha yangu.

Hila yangu ilikamilika pale pale kwenye kiti. Nitaununua, nitautumbukiza nyuma ya kasha, penye ufa wa ubao, kisha nitajidai kufanya usafi. "Lo, mama! Kumbe ulikuwemo!" Mfuaji atatakasika, mama atamwita, watapatana, na mimi hakuna atakayeniuliza kitu. Ndiyo maana nasema mimi mwoga. Hata kutubu nilitaka kutubu kwa mlango wa nyuma.

Mnada ulikuwa wa siku saba. Binamu alinipa jina lake la kuingilia na kadi yake ya benki, mimi nikamtumia pauni mia na hamsini, akiba yangu yote. Akanielekeza kwa simu. "Andika mwisho wako kabisa, mia na hamsini. Mashine itauficha. Mtu akitaja hamsini, yenyewe itakupandisha hamsini na moja. Hatua ya kupandia ni pauni moja, haiongezi zaidi ya hapo. Hulipi mia na hamsini mpaka atokee wa kukusukuma mpaka huko."

"Na mashine ya nani?"

"Ya wenye mnada."

"Yaani nimwambie dalali mwisho wangu? Wewe una wazimu!"

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa dalali. Alinadi samaki, akanadi vitanda na saa za ukutani za watu waliohama, na sisi watoto tulijua kanuni za mnada kabla hatujajua kusoma. Ya kwanza: dalali ukimwambia mwisho wako, umekwisha, atakufikisha huko kwa kumtaja mnunuzi asiyekuwepo, eti amesimama kwenye kona. Nani alinifundisha hilo? Baba mwenyewe, akicheka. Kwa hiyo nikakaidi. Nikawa napanda kidogo kidogo, pauni moja, pauni moja, kila siku baada ya kazi, kama mtu anayepima kina cha maji kwa kidole cha mguu. Kulikuwa na mshindani mmoja tu aliyejionesha, naye nilikuwa nikimpita bila taabu.

Siku ya saba, mnada ulikuwa ufungwe saa kumi na dakika ishirini za jioni, kwa saa zetu. Nilifika dukani saa tisa. Umeme siku zile ulikuwa ukiondoka bila kuaga, na kila feni ilipopunguza mwendo niliinua macho kuitazama. Niliogopa umeme. Niliogopa jirani asije akanikuta, akaenda kumwuliza mama binti yako anafanya nini kule. Nilimwogopa na mwenye duka, mtu mpole aliyekuwa akila karanga zake tu.

Bei ilikuwa pauni hamsini na nane, yangu. Zikiwa zimebaki dakika tano yule mshindani akaingia: hamsini na tisa. Nikasukumana naye hadi sitini na nne, nikampita. Kimya. Nikaongeza mwisho wangu kidogo, uwe sitini na sita, kwa ajili ya usalama. Kimya. Yarabi, nikasema, ameshindwa. Dakika mbili zikabaki. Ningeweza kuandika mia na hamsini wakati ule. Sikuandika. Kwa sababu kanuni ya pili ya baba ilikuwa imo damuni mwangu kuliko hata ile ya kwanza: mnada hauishi kwa saa, unaisha kwa watu kunyamaza. Dalali huita mara tatu. Mtu akipanda wakati wa mwito wa tatu, huanza tena moja, akakugeukia wewe na kukuuliza, "Unasemaje?" Saa ile niliiona kwa macho yangu inahesabu kurudi nyuma, naisoma kabisa, lakini nilijua, kama ninavyojua kwamba Ijumaa inafuata Alhamisi, kwamba mtu akinipita nitapewa nafasi ya kujibu.

Ukurasa ulipojileta upya zilibaki sekunde nne, na mbele ni mimi. Nikabonyeza tena. Ukazunguka, ukazunguka. Ulipofunguka: mnada umefungwa. Umeuzwa pauni sitini na saba.

"Ala!" Nilipiga ukelele hadi watu wakageuka. Nikaandika themanini, mashine ikakataa. Nikaandika mia, ikakataa. Nikamwambia mwenye duka, "Mwambie afungue! Mimi bado nipo!"

"Nimwambie nani, dada?" akaniuliza, kwa huruma kabisa.

Binamu alinieleza baadaye. Aliyeuchukua hakuwa yule mshindani wangu, alikuwa mtu mwengine ambaye pengine aliutazama wiki nzima bila kutia neno. Watu hao husubiri sekunde za mwisho makusudi, ili mpandaji wa pauni moja moja kama mimi asipate muda wa kujibu. Bila shaka aliandika kubwa, mashine ikamtoza hatua moja tu juu ya sitini na sita zangu. Ningeandika mia na hamsini tangu siku ya kwanza, mashine ingenijibia yenyewe hata nikiwa nimelala. Tulimwandikia mnunuzi, hakujibu. Pauni mia na hamsini zangu zikarudi zote, nzima nzima, na nilizichukia.

Sasa hila imekufa na mama yu hai bado. Nililia siku mbili. Ya tatu, baada ya sala ya alasiri, nikakaa kitandani kwake na karatasi yenye picha niliyoichapisha dukani. Nikamwambia yote: sare, muuza vitu vya kale, ngazi, jioni ile. Nilingoja anitukane. Alitazama picha, akaikuna kwa kidole pale penye kiraka cha shaba. Machozi yalimtoka jicho moja, lile lenye uhai.

"Nenda kwake," akasema. "Mimi nikamtazame kwa uso upi?"

Nikafika Bububu. Yule mfuaji alikuwa amezeeka, mgongo umempinda, lakini alinijua mara moja. "Shikamoo, Bi," nikasema. "Marahaba," akaitika, akanikaribisha mkekani, akaniuliza hali ya mgonjwa. Nikasema nililoendea, macho chini, karatasi mkononi.

"Mimi nshakusamehe," akasema. "Nshachoka na habari hii. Lakini mwaka ule mwanangu alikuwa na posa, siku ya harusi ishawekwa. Ikarudi. Walisema hawaoi kwenye nyumba ya mwizi. Haikuja posa nyengine. Yumo ndani, anakusikia."

Pazia likasogea. Akatoka mwanamke wa umri wangu, mikono ina unga, hakunisalimia. Akaichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaiangalia.

"Ndio huu?"

"Ndio."

"Wameuuza bei gani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. "Pauni sitini na saba."

Akanirudishia karatasi.

"Hizo tu?"