Beji ya Malkia kwenye Kofia ya Vita

Nakiri mapema: niliwahi kumwambia mama mmoja kwamba baba yake alidanganya, na nilimwambia kwa kurasa mbili zilizochapwa vizuri, zenye picha.

Ni rafiki wa mama yangu, Mtanzania wa Hallunda, mtaa jirani na wetu huku ughaibuni; wanasali pamoja. Alikuwa amesikia kwamba nachunguza kofia za zamani za askari wa Uskoti. Nilijifunza mwenyewe, baada ya kununua moja kwenye loppis, soko la vitu vilivyotumika, nikashindwa kuacha. Yake ni glengari: kofia ya sufu inayokunjika bapa, yenye tepe mbili zinazoning'inia kisogoni. Baba yake alikuwa askari katika vita vya pili vya dunia, na ofisa Mskoti alimpa kofia hiyo walipoagana. Mama huyo aliiweka rafuni, kando ya picha ya baba yake. Alitaka kujua kitu kimoja tu: ni ya wakati wa vita kweli?

Nilikagua bitana, nikapima mkanda wa ngozi wa ndani, nikahesabu mishono. Halafu nikafika kwenye beji, na hapo nikajiona mjuzi. Nilisoma mtandaoni kwamba kwenye beji hizi, taji la wafalme limeinuka kama kuba. La malkia aliyefuata limebonyea katikati. Hili lilikuwa limebonyea, na malkia huyo alitawazwa baada ya vita. Basi nikaandika hivyo: kofia ni ya baada ya vita. Alisoma, akanishukuru, akanifungia sambusa za kwenda nazo Norsborg.

Majuma kadhaa baadaye mama alinituma kwake kurudisha sufuria. Rafuni palikuwa na picha peke yake. Nilipouliza, akasema kofia iko kabatini. Hakukasirika, ila hakuona vizuri kuiacha pale mbele ya macho ya baba yake. Nikaomba niione tena.

Safari hii nilifanya nililoliogopa mwanzo, nisije nikaharibu: nikaitoa beji. Chini yake palikuwa na matundu mawili ya zamani, yenye kutu kingoni, yasiyolingana kabisa na pini za beji ile.

“Mama, hii beji imebadilishwa.”

“Si niliibadilisha mimi? Ile ya kwanza ilipotea tulipohama kutoka Rissne. Nikanunua hii loppis, kofia isikae uchi.”

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

“Uliniuliza, mwanangu? Wewe uliuliza kompyuta.”

Akacheka mpaka akashika meza. Nilitamani ardhi inimeze, kisha nami nikacheka.

Kurasa zangu nilizirarua. Kwenye kadi ndogo nikaandika kwamba kofia ni ya zamani kuliko beji, kwamba mishono yake haipingani na habari ya baba, na kwamba zaidi ya hapo sijui. Neno hilo la mwisho lilinitoa jasho. Akasema hakuhitaji hukumu ya mahakama. Alitaka tu kujua kama anaweza kuirudisha rafuni.

“Unaweza, Mama.”

“Basi irudishe wewe. Ndiwe uliyeiondoa.”

Nikairudisha. Angeweza kumsimulia mama yangu, na kanisa zima lingejua kabla ya Jumapili. Hakufanya hivyo. Badala yake alimwelekeza kwangu Mkenya mmoja mwenye kofia ya babu yake, akamwambia naifahamu kazi yangu. Sijui nitamlipaje wema huo. Mkenya huyo alipofika, nilimkaribisha kiti, nikamwomba anisimulie yote kwanza, kabla sijaigusa kofia.