Nilivyompiga Broka kwa Mikono ya Chuma

Kichwa chake kilikuwa sufuria yangu ya kupikia muthokoi, mahindi ya kukoboa, ile kubwa iliyotoboka. Kifua kilikuwa pipa la mafuta. Mikono ilikuwa paipu za maji, na glavu nilizishona mwenyewe kwa tyubu ya gari, nikazijaza vipande vya sweta za shule. Miguu haikuwa nayo, ilisimama juu ya rimu ya lori. Watoto wa Kitengela walipoiona waliiita roboti na jina likabaki, ingawa haikuwa na stima wala betri. Ilikuwa na mimi. Nyuma yake kulikuwa na turubai, nyuma ya turubai kulikuwa na pedali ya cherehani kuukuu, na juu ya pedali ilikuwa miguu yangu.

Wajukuu wangu wanapenda hii hadithi kwa sababu ya roboti. Mimi naiandika kwa sababu ya baba yao.

Mzee wangu, babu yao, alikuwa fundi wa kuchomelea. Tulitoka Ukambani tukapanga chumba Kitengela wakati huko bado ni upepo na udongo mweusi, mvua ikinyesha unaacha kiatu chako barabarani. Halafu watu wakaanza kununua ploti, na kila ploti ilitaka geti, kwa hivyo tulikula. Mimi nilishona yunifomu. Kijana wetu wa kwanza, huyo baba yao, hakupenda moto wa kuchomelea, alipenda mifugo. Mwishoni mwa miaka ya tisini akaanza kwenda soko la Kajiado siku za soko, kusaidia wanunuzi kushika na kufunga mbuzi.

Kulikuwa na broka mmoja, dalali wa mifugo, hapo sokoni. Alikuwa mkubwa wa mwili, anavaa koti la ngozi hata kwa jua, na alijua lugha ya kila mtu anayeuza. Siku moja alikuwa anamwuzia mama mmoja mbuzi mgonjwa. Mama akamwuliza kijana wangu, "Huyu ako sawa?" Kijana akasema hapana, tazama pua yake. Ni hayo tu alisema. Baadaye alikuwa ameinama anafunga mbuzi wa mtu mwingine miguu, broka akaja kwa nyuma akampiga rungu kisogoni. Akaanguka. Akiwa pale chini, uso umetazama juu, akampiga tena. Jicho la kushoto hospitali hawakuweza kuliokoa.

Nilienda polisi. Broka alikuwa ameketi kwa benchi anakunywa soda yao. Askari akaniambia, "Mama, lete shahidi." Nikarudi sokoni kuuliza mmoja mmoja. Mwuza uji alikuwa anakoroga uji. Mwenye kamba alikuwa anahesabu kamba. Wanaume wazima na fimbo zao wakaniambia, "Mama, mimi nilikuwa natazama mbuzi wangu." Soko lote lilikuwa linatazama mbuzi. Kesi ikalala na haikuamka.

Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja, na sikuficha, hata kanisani sikuficha. Nilitaka huyo mtu aanguke mbele ya hilo soko na watu wote wawe wametazama.

Kwa hivyo mzee wangu alipoanza kukata paipu na kuniambia anaunda bondia, nilifikiri naye ameamka kulipiza. Ujanani alikuwa amepigana ngumi Nairobi kwa timu ya kazini kwao, na mikono yake bado ilijua. Nilimletea sufuria mwenyewe. Nikamletea na pedali.

"Unaenda kuipeleka Kajiado?" nikamwuliza.

"Nataka hao watu wa Kajiado waone vile mtu anapigana," akasema.

Hapo ndipo tulipoachana kimawazo, lakini sikujua bado.

Alivyoiunda ni hivi. Mbele yake kulikuwa na ubao juu ya springi za pikapu. Mtu anayetaka kupigana nayo anavaa glavu na kupanda ubao. Uzito wake unavuta waya, na roboti inainamisha kichwa. Watu wa hapa wanajua hiyo. Mtoto wa Kimaasai akikutana na mkubwa anainama, na mkubwa anamgusa kichwa, ndiyo salamu. Basi na roboti ilikuwa hivyo. Mpaka uiguse kichwa, mikono haiinuki. Hata nikipedali mpaka nife, haiinuki. Ukiigusa, kifungo kinachoshika mikono kinafunguka, inanyanyua uso, na sasa mnapigana. Ukianguka kwa magunia ya nyasi tuliyotandaza kando, uzito umetoka, ubao unapanda, cheni inalegea. Haiwezi kumpiga mtu aliye chini. Inarudisha mikono kifuani, inainama tena kungoja.

Nilipoelewa nilikasirika. Nikamwambia, "Toa hicho kifungo. Siku moja tu, huyo mtu akija."

"Hapana."

"Kwani kijana wangu alisalimiwa kabla ya kupigwa?"

"Ni kijana wangu pia. Na hii kitu nikiiunda ipige vile huyo anapiga, nitakuwa nimemuunda yeye."

Alipoenda kununua vyuma nilichukua spana nikitoe kifungo mwenyewe. Kilikuwa kimechomelewa. Mzee wangu alikuwa ananijua.

Tukaanza kwenda Kajiado na pikapu ya kukodi. Yeye alisimama mbele kama refa, mimi nyuma ya turubai. Ilikuwa sheria yake kwamba mimi nisionekane, watu waione roboti peke yake. Broka hakuwa amewahi kumwona mzee wangu, lakini mimi alinijua tangu ile benchi ya polisi, kwa hivyo nilikubali kujificha. Turubai lilikuwa na shimo la kutazamia. Miguu inapedali, mkono wa kulia unashika fimbo ya kuelekeza ngumi.

Watu waliipenda vibaya. Wazee walikuja tu kuigusa kichwa na kuondoka, hawataki kupigana. Walevi waliirushia ngumi kabla ya salamu, nayo inakaa hivyo imeinama, ngumi zinalia kwa sufuria, na watu wanapiga kelele, "Salamu kwanza! Kwani ulilelewa wapi?" Kijana mmoja akianguka anangojewa mpaka asimame, avute pumzi, aiguse tena. Mzee wangu alikuwa na furaha. Mimi kila siku ya soko nilitazama kwa shimo nikitafuta koti la ngozi.

Alichukua muda kuja. Alikuja siku ya jua kali, na marafiki zake, wanamsukuma.

"Ingia, mkubwa! Ama unaogopa?"

"Niogope sufuria mimi?"

Mzee wangu alizunguka nyuma kama mtu anayekuja kupaka cheni grisi. Nikamwambia, "Ndiye."

Akafunika kopo la grisi. Akasema, "Pedali vile unapedali kila siku." Akarudi mbele.

Nilimsikia akisema kwa sauti ya kawaida, "Karibu, bwana. Sheria ni mbili. Unaigusa kichwa ndiyo muanze. Ukianguka, inangoja."

Broka akampa rafiki yake rungu, akavaa glavu, akapanda ubao. Roboti ikainama. Na yeye, badala ya kugusa, akaipiga ngumi ya sikio, *kang'!* Akaongeza ya pili.

"Hii imekufa," akasema.

Mzee mmoja wa shuka akamjibu, akimwita kijana kwa Kimaasai, "Haijakufa, ero. Inangoja adabu yako."

Watu wakacheka. Akaigusa kichwa kwa kidole kimoja, kama mtu anagusa kinyesi, na kifungo kikafunguka.

Sitadanganya, alijua kupigana. Alipiga kifua cha pipa mpaka mimi huku nyuma nikatetemeka. Nami nilipedali vile nilivyoambiwa. Lakini kupitia shimo niliona kitu, kwamba kila akipiga vizuri anageuka kuwaonyesha marafiki meno, na mkono wake wa kushoto unashuka. Nikangoja. Akapiga, akageuka. Nikasukuma fimbo, nikakanyaga pedali na uzito wangu wote, na glavu ya kulia ikampata chini ya kidevu.

Akaanguka kwa magunia chali, uso umetazama juu.

Pedali ikawa nyepesi ghafla, kama cherehani iliyotoka mkanda. Nilijua cheni imelegea. Niliendelea kupedali. Nilipedali nikitazama hilo jicho lake la kushoto, na miguu yangu haikufanya chochote. Roboti ilirudisha mikono kifuani, ikainama.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapo ndipo nilikaribia kumchukia mzee wangu. Broka alisimama. Akapangusa damu kwa mdomo, akacheka, akaigusa roboti kichwa vizuri, kwa mkono mzima. Akasema kwa sauti, "Huyu ni mwanaume! Nimepigwa na mwanaume! Mwanaume kuangushwa na mwanaume mwenzake si aibu!"

Soko likampigia makofi. Wale wale waliokuwa wanatazama mbuzi walikuja kumshika mkono. "Umejikaza, mkubwa." Mtu akamletea soda baridi. Mzee wangu mwenyewe akamfungua glavu. Nikaona vile roboti yetu na heshima yake ilikuwa imemwosha huyo mtu mbele ya watu wote, akawa safi kuliko alivyokuja.

Nikasimama. Nikashika turubai nikalivuta likaanguka.

Nilikuwa na leso kiunoni, tepu ya kupimia shingoni, na miguu mitupu, maana huwa napedali bila viatu. Watu wakatazama pedali, wakatazama miguu yangu, wakafuata cheni kwa macho mpaka kwa glavu. Halafu vijana wakalipuka.

"Kumbe ni mathe, mama mzima!"

"Budaa amelambishwa nyasi na mathe!"

"Na amesema ni mwanaume! Mkubwa, rudia, umepigwa na nani?"

Broka alinitambua. Niliona ametambua, soda ikasimama njiani. Lakini alikuwa mtu wa soko, akavaa tabasamu, akanyoosha mkono akaniambia, "Takwenya, yeyo."

Mwanamke akisalimiwa hivyo kwa Kimaasai, akiitwa mama, hujibu "Iko." Hata mwenye hasira hujibu. Hata mimi Mkamba nilikuwa nimejibu hivyo miaka yote. Niliutazama huo mkono mpaka ukashuka wenyewe.

Nikasema, "Mimi ni mama wa yule kijana aliyekuwa anafunga mbuzi. Ulimpiga kwa nyuma, na akianguka ukampiga tena. Mimi nimekupiga kwa mbele na ukangojewa usimame. Sasa waambie hawa watu ni nani kati yetu ni mwanaume."

"Mama, hayo ni maneno ya zamani. Tuko sokoni."

"Hata siku hiyo tulikuwa sokoni." Nikageukia wengine. "Na nyinyi leo hamna mbuzi wa kutazama?"

Hakuna aliyecheka tena. Yule mwuza uji akashusha macho. Broka akachukua rungu lake kwa rafiki, na watu wakampisha njia pana, ile unampisha mtu ambaye hutaki akuguse. Tangu hapo, kila siku ya soko akipita, vijana waligonga mguu chini, ta-ta-ta-ta, kama mtu anayepedali. Hawakusema neno, waligonga mguu tu. Hakumaliza msimu. Nilisikia amehamia upande wa Illasit, huko mpakani, na niliomba habari iwe imefika huko kabla yake.

Mzee wangu aliongea tulipokaribia Kitengela. Roboti ilikuwa imelala nyuma ya pikapu. Akasema, "Umempiga akiwa chini."

"Alikuwa amesimama. Alikuwa na soda."

"Mimi nimepigana. Mtu akishakubali ameshindwa, huyo ako chini."

"Basi nimempiga akiwa chini."

Akageuka kuitazama roboti kule nyuma.

Kijana wetu alikuwa nyumbani kwa karakana, anapiga msasa bawaba za geti, maana baada ya jicho alirudi kwa kazi ya baba yake. Nilikaa kwa stuli nikamweleza yote. Hakuacha kusugua. Nilipomaliza akaweka msasa chini.

"Alicheka?"

"Mwanzo alicheka. Mwishoni hakucheka."

"Rudia pale ulipovuta turubai."

Nikarudia. Mzee wangu alisikiliza kidogo, akachukua kofia yake akatoka nje. Kijana akasogeza stuli yake karibu, akaniambia nirudie tena, polepole.