Kipande cha Sifael Kwenye Msaragambo

Barua ililetwa na mtendaji wa kijiji siku ya Jumatano, bahasha ikiwa imeshachanika. Mtendaji alisema imechanikia njiani. Sifael hakuwa na hamu ya kubishana naye. Aliisoma amesimama mlangoni, akaisoma tena ameketi, halafu akaisukuma juu ya meza kwa mkewe, Ernesta, aliyekuwa anachambua maharage ya makande.

Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili kile cha ofisini kisichomtazama mtu usoni. Malipo ya ulemavu ya ndugu Sifael yamesitishwa, kwa kuwa ufuatiliaji uliofanyika kijijini umebaini kwamba mhusika anashiriki kikamilifu kazi za kuchimba na kuzoa udongo, na jina lake limo katika daftari la mahudhurio mara kumi na tisa ndani ya miaka miwili. Asiporidhika, akate rufaa kabla ya mwezi kwisha.

Kikamilifu! Mkono wa kulia wa Sifael ulimezwa na korona, ile mashine inayochuna majani ya mkonge na kubakiza singa, kule bondeni njia ya Kisiwani alikofanya kazi miaka kumi na miwili. Kidole gumba kilisalia, na cha pili kilisalia kwa jina tu. Kiganja hakikunji, kifundo hakigeuki, na baridi ya mlimani ikishuka mwezi wa saba bega zima linamuuma mpaka anatokwa machozi na kusingizia moshi wa jikoni. Kifungo cha suruali anafungiwa na mkewe. Halafu kuna mtu amekaa ofisini, chai iko mezani, ameandika kikamilifu.

Lakini tusimtwishe yule wa ofisini mzigo wote. Uongo ule haukuzaliwa ofisini. Ulizaliwa kijijini, na Sifael mwenyewe ndiye aliyeuomba.

Huku juu maji ya kumwagilia hukusanywa kwenye ndiva, bwawa la udongo walilolichimba mababu, kisha hufunguliwa asubuhi kwenda mashambani kwa zamu. Ndiva hujaa tope na mifereji huziba, kwa hiyo baragumu likipulizwa kila nyumba inatoka na majembe kwenda msaragambo, kazi ya wote. Kila mwanamume anapimiwa kipande chake kwa fimbo. Akikimaliza, jina lake linawekewa alama kwenye daftari, na mwenye alama ndiye anayekaa kwenye mkutano wa kugawa zamu na kusema analotaka. Wazee wasiojiweza, wajane na wagonjwa wanaitwa wasamehewa. Nao maji wanapata, ila ni yale ya mwisho yaliyobaki chini ya ndiva, na zikigawiwa zamu hawaulizwi neno. Hakuna anayewatukana. Wanasalimiwa vizuri sana, na mazungumzo yanaendelea bila wao.

Sifael alipotoka hospitali, safari yake ya kwanza ilikuwa kwenda kwa mzee Melkizedeki, mshika daftari, kumsihi asimhamishie huko. Alikuwa na miaka arobaini na minne tu. "Niache palepale, mzee wangu," alimwambia. "Kipande changu kitachimbwa." Na kweli kilichimbwa. Alikichimba Ernesta. Baragumu likilia, mume alitangulia na jembe begani, mke akamfuata na karai. Wakifika, jembe lilihamia kwa mke, na Sifael akasimama ukingoni akielekeza, akitania watu, akisukuma udongo kwa mguu. Watu waliona, wakatazama kando. Melkizedeki akaweka alama: Sifael. Ndiyo hizo mara kumi na tisa.

Ndipo akaja kijana wa ufuatiliaji, Rodrick, na pikipiki ya kukodi na kishikwambi chake. Mtendaji, mtu wa kupenda sifa, akamfunulia daftari. "Kijiji chetu hakina mtegaji wa kazi. Hata huyu wa ajali hajakosa hata siku moja." Rodrick akaenda kumtafuta Sifael, akamkuta dukani amekaa na wanaume wanne, rafiki yake Loth akiwa mmoja wao.

"Shikamoo, mzee wangu. Kazi za shamba bado unaziweza?"

Mbele ya wanaume wanne, ulitaka ajibu nini? "Marahaba. Naziweza sana! Mwanaume atalala?" Wakacheka wote. Rodrick naye akacheka, akaandika.

Ernesta alimaliza kusoma barua, akairudisha kwenye bahasha iliyochanika. "Baba Eliamini, tunakata rufaa," alisema.

"Nikaseme nini huko?"

"Ukweli. Kwamba nachimba mimi."

"Nisimame mbele za watu niseme hivyo?"

"Watu wanajua."

"Wanajua, lakini hawajasema."

Ernesta aliacha maharage. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lilimchoma zaidi Sifael, maana kelele angezijibu. "Miaka miwili nachimba kipande cha mwanaume. Mgongo wangu umekwisha. Mara zote kumi na tisa, mimi nimeandikwa wapi? Umeandikwa wewe. Sasa malipo yamekatwa, dawa zako hatuna, na Eliamini muhula ujao atakaa nyumbani. Yote hayo ili Loth na wenzake wakuone mwanaume. Wanakuona, basi?"

Sifael akakaza shingo. Siku tatu alilala na kuamka na barua ile. Kichwani mwake alikuwa anatafuta njia ya kupata malipo bila kupoteza jina, na njia hiyo haikuwepo. Akikata rufaa, lazima akane daftari. Akikana daftari, anakwenda kukaa na wazee wasio na meno. Asipokata, atabaki mwanaume wa ndiva, mwenye nyumba isiyo na kitu. Alimlaani mtendaji, akamlaani Rodrick, akailaani korona. Nafsi yake aliiruka.

Siku ya nne, Ernesta alipokwenda kusaga, Sifael alichukua jembe akashuka kwenye shamba lao la tangawizi. Alijifunga mpini kwenye mkono mbovu kwa kitambaa, akauma meno, akainua. Aliwaza kwamba akiweza, basi barua ni ya kweli na hakuna haja ya kumsumbua mtu. Pigo la kwanza liliingia. La pili likapinda. La saba kitambaa kikafunguka, jembe likaruka upande na kufyeka tangawizi changa za mkewe, mashina manne, matano. Alikaa palepale katikati ya matuta akalia kwa sauti, na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia. Alikuwa na uchungu, na zaidi ya uchungu alikuwa na aibu, si ya mkono bali ya zile mara kumi na tisa alizosimama ukingoni akitania watu huku mke wake akichimba.

Jioni alikwenda kwa Melkizedeki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu ndani, baba."

Alimweleza. Anataka barua ya kuambatanisha kwenye rufaa, iseme kwamba hajawahi kuchimba tangu ajali. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Kwa hiyo niandike kwamba nimeandika uongo mara kumi na tisa. Mimi, mzee wa kanisa."

"Nilikuomba mimi, mzee."

"Ulikuja kwangu unatetemeka, mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Ningekunyima?" Akavaa miwani, sasa amekasirika waziwazi. "Wema wangu umenirudia usoni. Haya. Lakini jina halitoki kwenye daftari kwa kalamu yangu peke yangu. Mkutano ndio unaomhamisha mtu. Alhamisi, baada ya msaragambo. Nitasoma mbele ya wote, nikikosea unisahihishe."

Alhamisi hiyo Ernesta alichimba kipande mpaka mwisho, na Sifael, kwa mara ya kwanza, hakuelekeza wala hakutania. Kazi ilipokwisha watu walikaa kwenye majani ya ukingoni, wanaume upande huu, wanawake upande ule, maana katika jambo la kumhamisha mtu wanawake nao wana kura. Melkizedeki akasimama na daftari.

"Sifael anaomba aandikwe kwamba kazi hii haiwezi, na hajaiweza tangu alipoumia. Zile alama nilizoweka hazikuwa zake. Nimekosa, na nitaliandikia hilo barua. Kama yuko anayepinga kwamba haiwezi, aseme."

Sifael alijua vizuri kwamba sauti moja tu ya kupinga ingeiua rufaa. Ndiyo maana alishangaa kujiona akiisubiri. Alimtazama Loth, waliyepata naye kipaimara siku moja, waliyeshindana naye kuchimba wakiwa vijana mpaka mikono ikachubuka. Ungesema neno, Loth. Ungesema tu, "Ah, Sifael si wa kuandikwa hivyo." Loth alikuwa anakwangua tope kwenye jembe lake. Hakuna aliyepinga.

"Wanaokubali kwamba haiwezi, wanyooshe mikono."

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Ernesta. Aliunyoosha wima, akitazama mbele, hakumtazama mumewe. Kisha ikapanda mingine yote kwa pamoja, bila kusita hata mmoja, na wa Loth ukiwamo, kwa wepesi ule ule wa watu wanaokubaliana na jambo waliloliamua siku nyingi. Sifael alikuwa ameogopa kwamba watamcheka. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanamhurumia, na walikuwa wamemhurumia miaka miwili nzima, kila alipotania na kila walipojibu utani wake.

Melkizedeki alihesabu kwa ncha ya kalamu, ingawa hapakuwa na haja. Akafika mwisho, akasita, akatazama juu ya miwani.

"Imepungua moja. Sifael, sijakufuta bado. Mpaka nikufute, wewe ni mtu wa ndiva na kura unayo. Unakubali au hukubali?"

Watu wote wakageuka. Sifael akanyoosha mkono wa kushoto juu kabisa, ili mzee auone vizuri, na mzee akamhesabu, kisha akapiga mstari kwenye jina lake.