Go Ya-ok Aipima Nyota ya Mzee

Katika miaka yote ya ndoa yao, Go Ya-ok na mumewe Hyeon Chi-bok walibishana sana juu ya mambo mawili: chumvi ya kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa, na nuru ya kusini. La chumvi walilimaliza. La nuru, marehemu aliondoka nalo.

Chi-bok alilima machenza upande wa kusini wa kisiwa cha Jeju. Jioni za Februari, akishafunga ghala, alisimama kwenye ukuta wa mawe meusi na kunyoosha kidole baharini. "Njoo uone! Nyota ya Mzee ile. Anayeiona huishi sana."

Ya-ok alichungulia mlangoni pa jiko, kisu mkononi. "Nyota gani hukaa chini hivyo? Hiyo taa ya mashua ya wavuvi wa ngisi. Ingia ndani, mchuzi unapoa."

Chi-bok alifariki akiwa na miaka sitini na sita. Ya-ok, katika uchungu wake, alikihesabu kifo hicho kuwa ushahidi upande wake.

Alikuwa na miaka sabini na moja kituo cha wazee kilipotangaza somo la nyota kwa wanaoanza, kila Jumanne baada ya chakula cha mchana. Alienda kwa sababu sakafu ya pale ilipashwa joto. Alimkuta wifi yake, Gwi-nyeo, dada wa marehemu, ameshajitandaza mahali pazuri.

Mwalimu Yang, msichana mwembamba wa sauti ya upole, aliwasha taa katikati ya chumba, akadunga chenza kwa kijiti cha kulia chakula.

"Taa hii ni jua, na jua ni nyota. Nyota ina nuru yake yenyewe. Chenza ni Dunia yetu. Hiyo ni sayari, haina nuru, inaangaziwa tu." Akalizungusha polepole. "Upande ulioelekea taa ni mchana, wa pili ni usiku. Na kwa kuwa Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, sisi tulio juu yake tunaona jua, mwezi na nyota vikielekea magharibi."

"Nyota zote?" Ya-ok aliuliza.

"Karibu zote, bibi. Ile ya kaskazini ndiyo haibanduki."

"Na taa ya mashua?"

Watu wakacheka. "Wifi, mwache kaka yangu alale!" Gwi-nyeo akasema. "Hata kaburini unamfuata na taa!"

Ikabidi Ya-ok aeleze kisa chote. Mwalimu hakumpa ushindi yeyote. "Sijui ninyi mliona nini," alisema. "Lakini Nyota ya Mzee ipo, na huku kwetu hupita chini sana kusini. Simika fito mbili zilizolingana na hiyo nuru, kisha usubiri nusu saa. Nyota itasogea kulia. Kesho yake itarudi penye fito dakika nne mapema, maana Dunia nayo imesogea kidogo kulizunguka jua. Mashua haina ratiba hiyo."

Siku tatu mfululizo mawingu yakafunga. Ya nne anga ikatakata. Ya-ok alisimika fito zake kwenye ukuta ule ule wa mawe meusi, na Gwi-nyeo akatokea bila kualikwa, na chupa ya chai ya shayiri.

"Nimekuja kushuhudia ukishindwa," alisema.

Nuru zilikuwa mbili. Ya kushoto, nyeupe, ilitulia juu ya maji. Ya kulia ilikuwa juu kidogo, ya manjano, ikitetemeka kama inayosikia baridi. Hiyo ndiyo Ya-ok aliyoilenga. Wakanywa chai. Nusu saa ilipotimia akachutama nyuma ya fito, akafumba jicho moja. Nyeupe haikutikisika. Ya manjano ilikuwa imesogea kulia upana wa vidole viwili na ushei.

Kesho yake alitoka na saa ya jikoni. Nuru ilifika penye fito saa tatu kasoro dakika tisa. Jana yake ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano.

Gwi-nyeo, aliyerudi na chupa yake, alifungua kinywa amtanie, akamwona uso, akammiminia chai.

Ya-ok alitembea hadi mlangoni pa jiko, hatua ishirini, akageuka. Kutoka pale, kona ya ghala iliificha nyota kabisa. Ilibaki taa ya mashua peke yake. Miaka yote ile kila mmoja alisema alichokiona, na yeye hakuwahi kuzitembea hatua ishirini.

"Alikuwa ananiita nije," alisema.

"Alikuwa anaita kila mtu," Gwi-nyeo akajibu taratibu. "Hata mimi sikuja."

Siku ya kumbukumbu ya marehemu, Ya-ok alipanga wali, samaki na machenza mezani, akainama mara mbili, kisha akasema kwa sauti, wanawe wakisikia: "Ulikuwa sahihi. Kwa hili moja."

Mwalimu Yang aliomba vipimo vyake, akavibandika ukutani kituoni. Aprili Nyota ya Mzee ilikuwa inatua kabla giza halijaingia vizuri, na Ya-ok alikuwa ameshahamia kwenye Mshtarii. Sayari ile ilikuwa inamtesa: kila akisimika fito, baada ya wiki chache anakuta imehama kati ya nyota jirani. Jumanne moja alifika kituoni wa kwanza, akakaa mbele kabisa.

"Mwalimu," alisema kabla hata ya salamu, "hiki kitu chako hakitulii."